Nokia hawakulala, walikuwa wanahesabu hela

Mwaka 2008 nilikuwa nashinda Kariakoo mtaa wa Aggrey kwenye kibanda cha kaka yangu, mtoto wa mjomba, yeye ndo fundi simu, mimi kazi yangu kushika tochi, kutumwa betri na kuangalia wezi. Kati ya kazi zote zilizokuwa zinaingia pale, kubadilisha kioo, spika, mic, simu zilizoingia maji, kuna moja ilikuwa inaniacha hoi kila nikiiona: kukata laini.

Mteja anakuja na Nokia yake na laini mbili mkononi. Kaka anachukua laini ya kwanza, anaizungushia alama ya peni pembeni ya kile kidude cha dhahabu, afu anaikata na mkasi wa kucha taratibu huku kabana pumzi, anaisugua na msasa mpaka inabaki kipande kidogo kama punje ya hindi, ya pili nayo hivyo hivyo, anazipachika zote kwenye kiplastiki chembamba kama karatasi kilichotoka China, anakichomeka kwenye simu, betri inarudi kwa kusukumizwa maana ndani pameshajaa. Simu inawashwa. Ukitaka laini ya pili unaizima, unaiwasha tena, inaamka na namba nyingine. Basi. Mkasi ukiteleza kidogo tu laini imekufa, na majina yote yaliyokuwa kwenye hiyo chip yamekwenda nayo, nilishamuona mama mmoja analia pale kibandani kwa sababu namba za wateja wake wote wa vitenge zilikuwa humo. Na bado foleni ilikuwepo, kila siku.

Mimi ile foleni nimekuja kuielewa miaka mingi baadaye. Watu wametoka kununua simu ya kampuni kubwa kuliko zote duniani, wamelipa keshi, afu wanamlipa mtu mwingine ahatarishe laini zao kwa mkasi wa kucha ili ile simu ifanye kitu ambacho mwenye kuitengeneza hataki kukifanya. Hapo huhitaji mtaalamu wa masoko na kompyuta yake, kaa kwenye stuli pale Aggrey nusu saa tu.

Kwa nini laini mbili? Wale mliokuwa wakubwa enzi hizo mnajua, kupiga kwenda mtandao mwingine ilikuwa ni kuunguza hela. Kila mtandao unalipisha wenzake ili simu ya nje iingie kwake, na gharama hiyo unaibeba wewe unayepiga. Kenya mpaka Agosti 2010 mtandao mmoja ulikuwa unaulipa mwingine shilingi 4.42 za Kenya kwa dakika kabla mamlaka hawajaishusha ikawa 2.21, kwetu bongo TCRA nao walikuja kuikata, kuanzia Machi 2013 ikawa shilingi 34.92. Kabla ya hapo mtu mwenye akili anakuwa na laini ya kila mtandao ambao ndugu zake wapo, ya Voda kwa mama, ya Tigo kwa mpenzi na ofa za usiku, ya Zain kwa bosi. Afu ikaja M-Pesa, Kenya Machi 2007, kwetu 2008, ikaongeza sababu nyingine, sasa kuna laini ya hela na laini ya kupigia stori. Wenye uwezo wakawa wanatembea na simu mbili, wengine unakuta kazifunga pamoja na rababendi, wasio na uwezo ndo hao kila saa wanafungua mfuniko, wanatoa betri, wanabadilisha laini, mpaka mfuniko unalegea na betri inakazwa na kikaratasi kilichokunjwa. Nani hajawahi kumuona mtu na hicho kikaratasi?

Sasa watu wakielezea habari ya Nokia kufa huwa wanaanzia California, kwamba Steve Jobs kapanda jukwaani Januari 2007 kaonyesha iPhone na kesho yake Nokia wamekwisha. Stori tamu ila nusu. Mimi naona Nokia walibanwa kotekote, juu alikuwepo Apple na baadaye Android, na chini walikuwepo wale Wachina wa simu za laini mbili, na kibaya zaidi wote wawili, wa juu na wa chini, Nokia waliwadharau kwa sababu zile zile kabisa.

Kabla sijafika huko niseme kitu kimoja kwa haki. Nokia hawakuwa wajinga. Ile Nokia 1100 iliyotoka 2003, ambayo sisi tuliita kitochi na Wakenya wakaita mulika mwizi, iliuza zaidi ya milioni 250, na si kwa bahati. Kuna mtu alikaa akafikiria kwamba kuna watu wanaishi kusiko na umeme, akaweka tochi. Akafikiria vumbi, akatengeneza vitufe vya mpira visivyopitisha vumbi. Menyu za Kiswahili waliweka. Na hii kampuni kubadilika ni asili yake, ilianza 1865 kama kiwanda cha kutengeneza karatasi huko Finland, ikaja kwenye mabuti ya mpira na nyaya za umeme, miaka ya tisini bosi wao Jorma Ollila akauza vingine vyote wakabaki na mawasiliano tu, 1998 wakampita Motorola wakawa namba moja duniani. Ukisema hawa ni watu wanaoogopa mabadiliko unawaonea. Mwisho wa 2007 karibu simu nne kati ya kila kumi zilizouzwa duniani ni za kwao. Nne kati ya kumi!

Na hapo ndo kuna utamu wa hii habari, maana mwaka wao mzuri kuliko yote ndo ule ule ambao vitu viwili vya kuja kuwamaliza vilikuwa tayari viko dukani.

Mwaka huo huo 2007 simu za laini mbili zilikuwa zimeshaanza kumiminika. Si za vichochoroni tu, hata Samsung walitoa ya kwao, D880, mwishoni mwa 2007, ila ilikuwa ghali, haikuwa ya mtu wa Tandale. Za mtu wa Tandale zilikuja kwenye maboksi kutoka Shenzhen na mnazikumbuka: spika kama ya daladala, antena ya kuvuta ya kuangalia TV, taa za rangi zinawaka ikipigwa, betri inajivunia kukaa wiki nzima kumbe siku mbili tu imevimba kama andazi. Nyingine hata jina lake limeandikwa "Nokla" ili ukiiangalia haraka haraka gizani uingie mkenge. Kaka yangu alikuwa anazicheka mpaka anakohoa. Anaigonga na kucha, "sikia, plastiki ya beseni hii". Mteja akimuuliza kama anazo anajibu hapa tunauza simu.

Na alikuwa sahihi! Hapa ndo watu wengi wanaosimulia habari za makampuni yaliyokufa wanaporuka. Kile kitu kipya kikija huwa kinakuja kikiwa kibaya, kibaya kweli, na mtaalamu anayekikataa anakikataa kwa sababu za kitaalamu za kweli. Simu ya Mchina ya 2007 ilikuwa takataka. Injinia wa Nokia aliyezoea kudondosha simu kwenye sakafu mara mia kabla haijatoka kiwandani, ukimpa ile akaifungua, atacheka kama kaka. Na iPhone ya kwanza ukiiweka kwenye mizani ile ile, ilikuwa haina 3G, haitumi picha kwa MMS, betri haitoki, ukiidondosha kioo kinapasuka, bei dola 499 na bado unafungwa mkataba na mtandao mmoja. Nokia wakati huo wana N95, kamera megapikseli 5, 3G ipo, GPS ipo. Ukipanga kwenye karatasi, kipengele kwa kipengele, Nokia anashinda yule wa juu na anashinda yule wa chini. Tatizo mteja hakuwa anaangalia ile karatasi. Wa juu alitaka simu ambayo akiipangusa inamtii, wa chini alitaka akae na mama, mpenzi na bosi kwenye simu moja bila kufungua betri. Hivyo vitu viwili kwenye karatasi ya injinia havikuwa na kisanduku.

Haya, lakini laini mbili si kitu cha ajabu kama skrini ya kupangusa. Haihitaji kubuni dunia mpya. Kampuni yenye mainjinia maelfu ingeweza kuitengeneza mapema tu. Kwa nini haikufanya?

Mimi jibu langu ni kwamba uangalie nani alikuwa anawalipa. Sisi huku tunanunua simu dukani keshi, laini tunanunua kwa mama wa vocha, vitu viwili tofauti. Ulaya haikuwa hivyo, simu nyingi zilikuwa zinatoka dukani kwa kampuni ya mtandao na mkataba wake, yaani mteja mkubwa wa Nokia si wewe unayepiga simu, ni mtandao unaonunua simu laki kwa laki na kuzigawa kwa wateja wake. Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja wa mauzo wa Nokia, nenda kwa huyo mteja wako mwambie tumekuletea simu nzuri, ina tundu la pili kwa ajili ya laini ya mshindani wako. Atakutoa nje. Ni kama umpelekee mwenye nyumba kitanda cha kulala mpangaji na mpangaji wa nyumba ya jirani. Kwa hiyo kila mtu ndani ya kampuni anayetaka kupandishwa cheo anajua kabisa hilo wazo halibebeki, si kwamba kuna mtu amelikataza kwa barua, hapana, ni kwamba kila anayelibeba anashuka nalo.

Na mahesabu nayo yalikuwa yanasema hivyo hivyo. Simu ya Ulaya ina faida nene. Simu ya Kariakoo faida yake nyembamba, na hii ya laini mbili itakuwa nyembamba zaidi kwa sababu unashindana na Mchina. Ukiwa na mainjinia mia, utawaweka wapi? Mhasibu yeyote aliyesoma atakuambia wapeleke kwenye faida nene. Huyo mhasibu si mjinga wala hana roho mbaya, anafanya kazi aliyoajiriwa, na akifanya kinyume mwenye hisa atamuuliza. Ndo maana huwa nachoka nikisikia mtu anasema eti "waligoma kubadilika". Hawakugoma. Kila kikao walikaa wakaamua kitu cha akili kulingana na vitabu vyao, wakaamua hivyo miaka mitatu minne mfululizo.

Huku chini nako gharama za kuwa mtengeneza simu zikawa zimeporomoka. Kampuni ya Taiwan inaitwa MediaTek ikaanza kuuza chipu pamoja na mchoro mzima wa simu, unanunua, unatafuta plastiki, unatafuta betri, simu unayo. Zamani kutengeneza simu ilikuwa kazi ya mainjinia elfu na miaka miwili, sasa ni kazi ya watu wachache kwenye ghorofa moja Shenzhen. Huyo mtu wa ghorofani hana mkataba na mtandao wowote wa Ulaya wa kuuogopa, hana jina la kulinda, mteja akitaka laini mbili anampa mbili, akitaka tatu anampa tatu, akitaka tochi, redio na spika ya kuamshia mtaa anampa vyote kwa bei moja.

Na huko Shenzhen akatokea mmoja asiye wa kubahatisha. Transsion, ilianzishwa 2006, bosi wake Zhu Zhaojiang, jamaa aliyekuwa ameshazunguka Afrika akiuzia kampuni nyingine ya simu ya Kichina. Wakaamua soko lao ni Afrika, si Afrika pembeni na China katikati, hapana, Afrika ndo katikati. Simu zao ndo hizi Tecno na itel, baadaye wakachukua na Infinix. Laini mbili tangu mwanzo mwanzo. Wakafungua vituo vya matengenezo, Carlcare, kwa sababu walishajua aibu ya simu ya Mchina ni kwamba ikiharibika huna pa kwenda. Baadaye wakashughulikia kamera ili mtu mweusi akijipiga picha jioni aonekane uso, asionekane meno tu. Leo hao ndo wanaoongoza kwa kuuza simu Afrika, na wamo kwenye soko la hisa la Shanghai tangu 2019. Ukiangalia hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho Nokia wasingeweza. Vyote ni vya kukaa Aggrey kwenye stuli.

Kuna barua maarufu ya Februari 2011 ambayo bosi mpya wa Nokia, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi wote, ile ya mtu aliyekuwa kwenye mtambo wa mafuta baharini ukashika moto ikabidi achague kuungua au kuruka kwenye maji ya barafu. Watu wengi wanakumbuka huo moto tu. Mimi nakumbuka sehemu nyingine, anapozungumzia wale wa Shenzhen na MediaTek, anasema wamekula soko letu kwenye nchi zinazoendelea, afu anamnukuu mfanyakazi mmoja wa Nokia aliyesema kwa utani nusu, kwamba Wachina wanatoa simu nzima kwa muda mfupi kuliko sisi tunavyotumia kung'arisha PowerPoint. Niliposoma hapo nilicheka afu nikanyamaza. Huyo mfanyakazi alijua. Wenzake wakamcheka wakajua. Na kesho yake wote wakarudi kuing'arisha.

Watafiti wawili, Timo Vuori na Quy Huy, walikuja kuhoji watu 76 waliohusika na Nokia miaka ile, mabosi wa juu, mameneja wa kati, mainjinia, na walichokuta kinamhusu kila aliyewahi kuajiriwa. Woga. Wa juu wanaogopa washindani na wenye hisa, wanafoka wanataka simu haraka, wa kati wanawaogopa wa juu, wanasema ndio mzee itakuwa tayari huku wanajua programu yao ya Symbian imechoka na haifiki. Habari mbaya inapanda ngazi na kila ngazi inapakwa sukari kidogo, mpaka ikifika juu ni habari nzuri. Mmoja alipoambiwa na mwenzake amwambie bosi ukweli akajibu hana huo ubavu, ana familia na watoto wadogo. Unaweza kumlaumu? Mimi siwezi, mimi nimewahi kukaa kikao cha kazi nikaangalia meza kwa dakika ishirini wakati kitu cha uongo kinapitishwa, na sikuwa hata na mtoto.

Nokia laini mbili walitoa hatimaye. Juni 2010 wakatangaza C1-00. Na sasa sikilizeni hii, ile C1-00 ina nafasi ya laini mbili ndio, lakini inafanya kazi moja tu kwa wakati, ukitaka nyingine unabonyeza kitufe unashikilia inahama. Yaani kampuni namba moja ya simu duniani, karibu miaka mitatu baada ya Samsung, imeleta kitu ambacho kaka yangu alikuwa anakitoa kwa mkasi wa kucha na msasa! Ukipigiwa kwenye laini nyingine hupatikani, kama kawaida. Mwaka uliofuata ndo ikafika dukani C2-00 iliyokuwa ya maana, zote mbili ziko hewani, na ya pili unaichomeka ubavuni bila kuzima simu, kitu kizuri kweli, na iliuzika. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo muda wote. Ila 2011 mteja wa Tecno alikuwa ameshazoea Tecno, ameshaona haivimbi betri, mdogo wake naye kanunua, na yule wa juu alikuwa ameshaanza kuongelea Android. Septemba 2013 Microsoft wakatangaza kununua biashara ya simu ya Nokia, na haki ya kutumia hati zake za ubunifu, jumla euro bilioni 5.44, na Julai 2015 Microsoft wenyewe wakafuta hesabu ya dola bilioni 7.6 na kupunguza watu. Hapo stori ya simu za Nokia ikaisha, jina tu ndo likaendelea kuzunguka kwa wenye leseni.

Najua kuna mtu atasema mbona wengine walistuka wakapona. Ni kweli wapo. Mabenki ya Kenya ni mfano ambao huwa napenda kwa sababu walianza vibaya: mwisho wa 2008 walilalamika mpaka serikalini, waziri wa fedha wa wakati ule John Michuki akaagiza M-Pesa ikaguliwe, ukaguzi ukatoka Januari 2009 kwamba haina shida. Kulalamika kwa serikali huwa ndo hatua ya kwanza ya mkubwa akiguswa, angalia hata madereva teksi walivyoanza na bodaboda. Lakini baadhi ya mabenki yalipoona mlango wa serikali haufunguki wakaacha kununa wakaingia humo humo, Novemba 2012 benki ya CBA wakatoa M-Shwari pamoja na Safaricom, mikopo midogo kwenye simu kwa watu ambao benki ilikuwa haiwatazami hata wakisimama mlangoni. Waliweza kwa sababu gani? Sidhani ni kwa sababu walikuwa na akili kuliko Wafini. Nadhani ni kwa sababu hao watu wa mikopo midogo hawakuwa wanamuudhi mteja wao mkubwa. Mwenye akaunti nene Nairobi hakuumia kitu chochote mama mboga akikopa shilingi mia tano. Mtandao wa Ulaya ungeumia na tundu la pili. Tofauti iko hapo, na ndo maana nawaonea huruma kidogo Nokia, kuruka kwenye kitu kipya ni rahisi kama hakikanyagi mkono unaokulisha.

Afu muda unapita, dharau inageuka. Septemba 2018 Apple wakatangaza iPhone XS na XS Max, na moja ya vitu walivyosimama jukwaani kutangaza ni kwamba sasa inabeba laini mbili, moja ya kawaida na moja ya eSIM, yaani iliyojengwa ndani ya simu yenyewe, na kwa ajili ya China wakatoa kabisa XS Max ya laini mbili za plastiki. Simu ya dola elfu moja! Nilimtumia kaka hiyo habari akanijibu kwa emoji ya mkasi.

Mwezi uliopita nilipita kwake. Kibanda sasa ni duka, kioo kizuri, taa nyeupe, kijana wa kuuza, yeye amekaa nyuma na miwani. Anauza simu keshi, mpya kwenye boksi, na anajivunia kwamba hauzi feki, hata ile Juni 2016 TCRA walipozima simu feki hakuna mteja wake aliyerudi analia. Wakati tunaongea aliingia dogo mmoja wa bodaboda, kofia ya pikipiki kaiweka kwapani, akauliza "bosi, simu za mkopo mnazo?", zile unatanguliza kidogo afu unalipa kila siku, usipolipa inajifunga. Kijana wa duka akamuangalia kaka. Kaka akatikisa kichwa, dogo akaondoka. Akaja mwingine baada ya kama robo saa, mdada, swali lile lile. Wote wawili niliwaona wanavuka barabara kwenda kwenye mwavuli wa upande wa pili, pale kuna vijana wawili wamevaa fulana zinazofanana na meza moja ya plastiki.

Nikamuuliza kaka, mbona huziweki? Akasema faida yenyewe ndogo, usumbufu mwingi, zile simu zenyewe za bei mbaya, na wauzaji wakubwa wanaompa mzigo hawapendi kuona vitu vile vimechanganywa na vya kwao kwenye kioo. Nikamuuliza kwa siku wanaingia wangapi wanaouliza.

"Hao mimi siwahesabu," akasema. "Hao si wateja."

Nje pale kwenye mwavuli palikuwa na watu sita wamesimama.